Uji Uliompikia Mama Yako

Mwanangu Nekesa,

Sitakuuliza hali, maana hali yako naijua. Umetoka sasa hivi kwenda Newtown kuwaaga rafiki zako, umeacha sanduku wazi katikati ya sebule, na tangu Jumamosi hujanipa neno zaidi ya "sawa" na "asante". Mimi nimekaa mezani jikoni. Jua la alasiri linaingia kwa dirisha la nyuma. Nimechukua karatasi kwa sababu kila nikifungua mdomo mbele yako, wewe unachukua koti.

Mambo ya nguo za baridi, ya kulala mapema, ya kuchagua marafiki, nayaruka. Umeyasikia tangu utotoni, na huko Montreal bibi yako atayaanza upya kwa Kikrioli chake, tena kwa sauti kubwa kuliko yangu. Ninachotaka kukuandikia ni kuhusu lile ulilosema Jumamosi hapa jikoni. Ulilisema kwa Kiswahili. Wewe, ambaye tangu uanze shule nikikusemesha kwa Kiswahili unanijibu kwa Kiingereza, neno zito kuliko yote uliyowahi kunitamkia ulilitoa kwa lugha yangu. Basi nami nakujibu kwa lugha hiyo hiyo. Soma taratibu. Pale utakapokwama soma kwa sauti, utaelewa.

Lakini siwezi kufika kwenye kitanda cha mama yako bila kupitia kwenye uji wake. Univumilie.

Unajua tulikutana Sutton Coldfield, kwenye ile nyumba ya wazee. Hujui ilikuwaje, kwa sababu tulipokuwa tukikusimulia kila mmoja alikuwa na habari yake na tuliishia kucheka. Mimi nilikuwa kea, mtunzaji wa wazee, mgeni bado, naogopa kila mtu mwenye kitambulisho shingoni. Asubuhi moja nilikuwa nimetoka kumwogesha bibi mmoja Mwingereza aliyekuwa amekataa chakula, hata chai haitaki, nikakutana na harufu kwenye korido. Ilikuwa harufu ya mahindi. Mimi mtoto wa Bungoma, harufu ya uji wa mahindi naweza kuitambua nikiwa usingizini. Lakini ndani yake kulikuwa na mdalasini, na vanila, na kitu kingine kitamu kama peremende ambacho sikukijua. Niliifuata mpaka jikoni. Pale alisimama mwanamke mfupi, amefunga kitambaa cha njano kichwani, anakoroga sufuria kwa mkono mmoja huku mwingine ameuweka kiunoni.

"Huo ni uji," nikamwambia, bila hata kumsalimia.

"Hapana. Hii ni akasan."

"Si ni unga wa mahindi, maji, na sukari?"

"Na maziwa. Na mdalasini. Na nyota." Akanifungulia kiganja nikaona kiungo kikavu cha kahawia chenye umbo la nyota.

"Basi ni uji uliovaa nguo za Krismasi," nikasema.

Akanitazama kama mtu anayepima mzigo kabla ya kuuinua. "Toka jikoni kwangu," akasema. Kabla sijafika mlangoni akaniita tena. "Rudi. Onja kwanza, ndipo utukane."

Nilionja. Sikutukana. Na yule bibi wa Kiingereza, tulipompelekea kikombe, alikunywa kidogo, akalamba midomo, akauliza kama kuna zaidi. Mama yako alitoka nje ya chumba kile akalia ukutani. Nilidhani analia kwa furaha. Baadaye sana, tukiwa ndani ya treni ya kurudi mjini, aliniambia kwamba alilia kwa sababu mama yake mwenyewe, kule Haiti, alikuwa akiuza akasan asubuhi mlangoni pake, watu wanakuja na vikombe vyao, na yeye Mirlande hakuwa ameonja ya mama yake tangu aondoke nyumbani. Hakuionja tena mpaka yeye mwenyewe alipofariki. Kwanza karatasi za uhamiaji zilikuwa hazijakamilika, na zilipokamilika kwao kulikuwa kumechafuka, hakuendeki. Kila mwaka walisema mwakani, na bibi yako alipohamia Montreal mama yako alikuwa ameshatuacha.

Tulipooana tukapanga hapa Handsworth, mama yako aliuhangaikia unga. Ule wa maduka ya watu wa Karibi aliusugua kwa vidole akasema ni kama mchanga, huo ni wa kitu kingine. Ule wangu mweupe wa ugali alisema hauna rangi wala adabu. Mwishowe tukaupata kwa Mzee Jayant pale Soho Road, unga laini wa mahindi ya manjano ambao Wapunjabi wanapikia chapati. Na ile nyota ilikuwa pale pale, kwenye rafu ya viungo. Unakumbuka alivyompenda mama yako, yule mzee? Amezaliwa Kisumu, ameondoka kijana, lakini Kiswahili hajakiacha. "Karibu Mama Uji," alikuwa akisema, "leo napika ile uji yako tena?" Na mama yako, ambaye Kiswahili chote alikijulia kwangu na kwa mzee huyo, alikuwa akijibu, "Napika, Mzee, napika," na kumpa chupa ya akasan aliyomletea.

Alikuwa akianza na maji. Anayachemsha na mdalasini, ile nyota, na chumvi ya kubana kwa vidole, mpaka jikoni kote kunukie. Unga anaukoroga pembeni kwa maji baridi mpaka unakuwa kama maziwa mazito, ndipo anaumimina kidogo kidogo, mkono mwingine ukikoroga bila kusimama. "Dousman," alikuwa akiuambia ule uji, au akijiambia mwenyewe. Ni neno lao la taratibu. Maziwa ya kopo na sukari vilikuja ukishaiva, siagi kidogo ya kuung'arisha, na vanila ilingoja mpaka sufuria liepuliwe, maana ukiitia juu ya moto, alisema, umewapikia majirani.

Mimi sikuwahi kumwomba anifundishe. Nilisema kuna nini cha kufundishwa, uji ni uji. Siku alizokuwa kazini nilitupa unga ndani ya maji yanayochemka, nikakupa wewe madonge, nikakwambia madonge ndiyo utamu. Na alipokuwa akiuweka uliobaki kwenye friji, kesho yake akaunywa baridi na barafu ndani, niligombana naye kweli kweli. Uji baridi! Nilimwambia kwetu hata mbwa hapewi. Alininyamazia siku mbili. Nilichukua muda mrefu, Nekesa, kuelewa kwamba kitu cha mwenzako kinaweza kufanana na chako kwa kila hali na bado kisiwe chako, na kwamba ukikiita kwa jina lako unamnyang'anya. Wewe utapenda mtu siku moja. Ukimkuta na kitu unachodhani unakijua, muulize kinaitwaje kwao.

Sasa nifike kwenye ugonjwa.

Alianza kwa kuacha mkate. Akasema ni meno. Kisha akaacha ugali, kisha wali, akawa anakula vitu laini tu na kunywa maji kila baada ya tonge. Nilimwona. Nilikula naye meza moja kila siku na nilimwona, lakini yeye alisema meno, na mimi nilipenda iwe meno. Tulipofika hospitali, yule daktari alivuta kiti chake karibu kabla ya kusema chochote, na mimi niliyefanya kazi na wagonjwa miaka yote hiyo nilijua maana ya daktari kuvuta kiti. Ilikuwa saratani ya koo, chini kabisa, na ilikuwa imeenea.

Tuliteremsha kitanda kikawekwa sebuleni ili asipande ngazi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na miwili. Na mimi, hapa ndipo ninapojichukia, nilianza kuomba shifti za ziada. Nilikwambia ni kwa ajili ya nyumba. Ukweli ni kwamba niliweza kumwinua mgeni, kumsafisha, kumfumba macho akishafariki, nikaenda kunywa chai. Lakini kukaa sebuleni kwangu nikimsikiliza mke wangu akijitahidi kumeza mate yake, hilo lilinishinda. Nilimwachia mtoto. Nilikuachia wewe.

Na wewe ulifanya nini? Ulikuwa likizo ya katikati ya muhula, wenzako wako bustanini, wewe ulimwuliza mama yako anatamani nini, akakwambia anatamani akasan ya mama yake. Ukaingia jikoni.

Alikufundisha kutoka kitandani. Sauti ilikuwa imekwisha, ilibaki pumzi tu, kwa hiyo mlango ulikaa wazi na yeye alisikiliza mwiko. Alikuwa akijua kwa mlio tu kama uji umeanza kushika. Ukiacha kukoroga alipiga makofi kidogo. Siku ya kwanza uliunguza. Siku ya pili madonge. Nilirudi jioni nikakuta masufuria yamelowekwa kwenye sinki na wewe umelala kwenye zulia kando ya kitanda chake, umeshika mwiko. Yeye alikuwa macho. "Ana mkono wa mama yangu," akaninong'oneza, "lakini ana haraka yako."

Sasa, mwanangu, ile siku yenyewe. Nitakuandikia yote niliyoyaona, kwa sababu Jumamosi hukunisubiri nimalize, na sikulaumu.

Asubuhi nesi alikuja. Wewe ulikuwa bado unavaa huko juu. Alimsikiliza mama yako kifua, mbele na nyuma, halafu akanivuta kando pale mlangoni penye viatu. Aliniambia kifua kimejaa, upande mmoja wote, na dawa haziwezi tena. Mate yenyewe yalikuwa yakipita njia isiyo yake. Akaniambia imebaki siku, si wiki. Nikamwuliza kuhusu chakula. Akasema, "Hawezi kumeza tena. Lakini akitaka kuonja kitu, mpeni aonje, akiweke mdomoni akiteme. Sasa ni raha yake tu." Hayo aliyasema kabla hujashuka ngazi. Kabla hujawasha jiko. Soma sentensi hiyo mara nyingi utakavyo. Kifua cha mama yako kilikuwa kimejaa kabla ya uji wako.

Siku hiyo sikwenda kazini. Niliketi kwenye kiti cha dirishani nikakusikia ukipika, na hakukuwa na kofi hata moja. Ulitoka umeshika bakuli la buluu kwa mikono miwili, umevaa aproni yake, umeikunja kiunoni isikukwaze. Ulikaa ukingoni mwa kitanda. "Manman," ukamwambia, "leo hakuna donge hata moja."

Akafungua mdomo, ukamtilia kijiko nusu. Akafumba macho. Nilikuwa namtazama koo, nilishakuwa na mazoea ya kulitazama koo lile kuliko uso wake, na nakwambia halikusogea. Aliuweka ule uji ulimini kama mtu anayesikiliza jambo kwa mbali. Halafu kikohozi kikamjia. Nikaona uso wako unavyobadilika. Yeye pia aliuona. Akainua mkono, akasema, "Maji."

Maji yalikuwa pale pale mezani kando ya mto wake. Hukuyaona kwa hofu. Ulikimbia jikoni.

Alikutuma ili usimwone, Nekesa. Ulipogeuka tu alichukua tishu akautoa wote. Niliipokea tishu ile mkononi mwake mimi mwenyewe. Kama kuna kilichopita kwenye koo lile, ni harufu. Na alikuwa anatabasamu. Sijui nikuelezeje tabasamu lile, kwa sababu machozi nayo yalikuwa yanatoka. "Tamu," akasema, kwa Kiswahili changu. "Tamu sana. Amepatia."

Kisha akalionyesha bakuli kwa kidole, akanionyesha mimi. "Kula."

"Mirlande, siwezi."

"Kula haraka. Asilikute limejaa."

Wewe ulikuwa umeacha bomba litiririke mpaka maji yawe baridi kabisa, kama alivyoyapenda, na ndiyo sababu nilipata muda. Nilikula. Ulikuwa moto, uliniunguza ulimi, nikaendelea. Yeye alinitazama mdomo kila kijiko nilichoinua, na midomo yake ikawa inasogea pamoja na yangu, kana kwamba anakula kwa kinywa changu. Nimekula vyakula vingi duniani. Sijawahi kula kitu kitamu vile wala kichungu vile. Ulikuwa umepatia kweli. Unga umeiva, nyota inasikika kwa mbali, chumvi pale inapotakiwa. Nililikwangua bakuli.

Uliporudi na gilasi ulitazama bakuli, ukamtazama mama, ukanitazama mimi.

"Mama amemaliza," nikasema.

Ukaruka mpaka nusu ya maji ikamwagika. Uliuliza kama upike tena kesho, na mama yako akatikisa kichwa kukubali. Sote wawili tulikudanganya, tukafurahi kwa kukudanganya. Alikuwa na jioni njema siku ile. Ulimsuka nywele. Kesho yake hakuamka vizuri, na alfajiri iliyofuata alituacha, mkono wake mmoja ukiwa kwangu na mwingine kwako.

Mimi nilidhani nimekupa zawadi. Niliamini utakua ukijua kwamba chakula cha mwisho cha mama yako kilitoka mkononi mwako na alikula akamaliza. Nilikuwa naona fahari kwa uongo ule. Kumbe siku ya matanga, nyumba imejaa watu, wewe ulikuwa hapa kwenye sinki unaosha vikombe, na mama mmoja wa kanisani, ambaye najua hakuwa na nia mbaya, akamwambia mwenzake nyuma yako, "Chakula ndicho kilichomwingia mapafuni. Wangeacha kumlisha, labda angekuwepo." Ulisikia, na hukuniuliza. Ungeniulizaje? Mimi ndiye niliyekwambia amemaliza bakuli zima.

Tangu hapo hukupika uji. Hukunywa uji. Hata wa wimbi niliokupikia ukiwa na homa uliusukuma kando. Nikasema mtoto amekua, ladha zimebadilika. Hukulia makaburini, hukulia shuleni, walimu waliniambia ni msichana imara, na mimi nikashukuru. Nilikuona umenyamaza nikadhani umepona. Mtu wa kazi yangu! Mgeni akinyamaza ghafla mimi ndiye wa kwanza kuinama kumwuliza anaumwa wapi. Wewe nilikupita mlangoni pa chumba chako miaka hii yote, nikisema asante Mungu, amelala.

Jumamosi nilitaka kukufurahisha. Nilikwenda kwa Mzee Jayant, sasa ni mtoto wake anayeuza, lakini mzee bado anakaa kwenye kiti karibu na mlango. Aliponiona na ule unga alisema, "Baba ya Nekesa, miaka mingi wewe hapana nunua hii." Nikamwambia mtoto anasafiri. Akakataa kuniuzia ile nyota, akanipa ya bure kwenye karatasi. Nilirudi nikaanza kupika, vibaya, kwa kukumbuka kumbuka. Ukaingia ukiwa unacheka na simu. Ukasimama.

"Baba, zima," ukasema kwa Kiingereza.

"Onja kwanza. Najua madonge yamo, lakini..."

"Zima!"

Nikazima. Nikakuuliza kuna nini. Nilidhani ni kumkumbuka mama. Nikasema hata mimi namkumbuka, nikasema na wewe ndiwe uliyempikia mara ya mwisho akamaliza, ile ilikuwa baraka yako. Nilitabasamu nilipokuwa nikisema. Mungu anisamehe, nilitabasamu.

Ndipo ukanitazama ukasema, "Mimi ndiye niliyemuua."

Kiswahili sanifu kabisa. Hukukosea hata silabi moja. Nikaelewa kwamba umekuwa ukiyasema maneno hayo kwa siri miaka mingi, kwa lugha ambayo shuleni hakuna wa kukusikia.

Nikakwambia, "Hakumeza. Uji niliula mimi." Sikujua kulisema vizuri zaidi. Ukauliza, "Ulinidanganya?" Nikasema ndiyo. Ukauliza, "Na ukaniacha nikaamini?" Nilikuwa sijajua uliamini nini, lakini jibu bado lilikuwa ndiyo. Ukachukua koti, na mlangoni ukanitolea yale maneno ya yule mama wa kanisani.

Sasa unajua yote. Hukumuua mama yako, mwanangu. Koo lililokuwa limefungwa ulilifungulia ladha ya kwao kwa muda wa kijiko nusu. Mwanamke aliyekaa miaka yote hiyo bila kumwona mama yake, wewe ulimpelekea mlango wa mama yake kitandani. Kilichokuumiza ni neno langu, na lile la mtu asiyejua, yaliyokutana ndani ya mtoto ambaye hakuwa na wa kumwuliza.

Sikuandikii haya ili unisamehe kabla ya kesho. Msamaha si mzigo wa kupanda nao ndege. Ukae nao au usikae nao, ni wako. Naandika kwa sababu unakwenda kuishi na bibi yako, na yeye atakuuliza. Kila nilipompigia simu baada ya msiba aliniuliza swali moja tu, "Alikula?" Ni mama, ameuza chakula maisha yake yote, kitu gani kingine angeuliza. Nami nilimjibu kama nilivyokujibu wewe: alikula, alimaliza bakuli. Sikutaka uende ukabebe uongo wangu mezani kwake. Kwa hiyo juzi, ulipokuwa juu umefunga mlango, nilimpigia.

Kikrioli changu unakijua. Nilihangaika. Nilimwambia hakumaliza, niliula mimi, aliutema, alikuwa hawezi tena.  

"Mtoto ndiye aliyempikia?" akauliza.

"Ndiyo, Mama."

"Kama ninavyopika mimi?"

"Ndiyo. Na nyota, na chumvi."

"Akauonja?"

"Aliuonja. Alisema mtamu."

Nikasikia akivuta pumzi, halafu akasema, "Basi alikula."

Hakusema lingine kuhusu hilo. Aliniuliza ndege inatua saa ngapi, na kama unapenda kulala na taa.

Nekesa, nilichojifunza ni kidogo na kimenigharimu wewe. Ukimpenda mtu, usimchagulie ukweli anaoweza kuubeba. Mimi nilikuchagulia, na ule mwepesi niliokupa ndio uliokuelemea. Na mtu wako akinyamaza, mwulize, hata kama jibu litakuvunja. Mimi niliogopa kuvunjika, nikakuacha wewe uvunjike peke yako chumba cha pili.

Nyumba hii itakuwa kubwa kuanzia kesho. Nimeshaanza kuisikia. Nitarudi kazini, nitapita Soho Road, nitawasha taa za juu na chini. Wengine wananiambia ni jambo la kujivunia, mtoto kwenda kusomea uuguzi, tena kwa bibi yake. Ni kweli, najivunia. Lakini mama yako alitoka kwao akiwa na umri kama wako, naye alisema anakwenda na kurudi.

Asubuhi nitakubebea sanduku mpaka kituo cha mabasi ya uwanja wa ndege. Najua utakavyofanya, kwa sababu hata ukiwa umenikasirikia huwezi kumwacha mtu bila kumwuliza. Utapanda ngazi ya kwanza ya basi, utageuka, utaniuliza, "Baba, uko sawa?" Nimejibu swali hilo kwa neno moja maisha yako yote. Kesho nitakwambia siko sawa. Nitakuwa nalia mbele za watu, na sitajifuta. Wewe usishuke. Kaa kwenye kiti chako, uende.

Baba yako